Je, Wajua? Kangaga la Mikokoni Lina Maisha Mawili

Je, wajua kwamba kati ya aina zaidi ya 10,000 za makangaga zilizopo duniani, zinazoweza kuishi mahali panapofikiwa na maji ya bahari ni za kuhesabu kwa vidole? Kangaga kwa asili yake hupenda kivuli na unyevunyevu. Utalikuta Usambara na Uluguru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kando ya vijito na juu ya magogo yanayooza. Chumvi ni adui yake. Lakini shuka pwani, uingie msitu wa mikoko kwa upande wa nchi kavu, pale maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari, na utakuta kangaga kubwa limesimama topeni kana kwamba sheria ile haikulihusu. Wataalamu wa mimea huliita Acrostichum aureum, jina lililoandikwa na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Linapatikana pwani yetu, Afrika Magharibi, Asia, visiwa vya Pasifiki na nchi za joto za bara la Amerika. Duniani kote lina ndugu wawili tu wa jenasi yake wanaotambulika vizuri: mmoja wa Asia na Australia, mwingine wa Amerika.

Hili si kangaga la kupandwa kwenye kopo dirishani. Jani lake moja laweza kufika mita 3, na kichaka kikikomaa humfunika mtu mzima aliyesimama. Halina shina la kupanda juu kama mti. Shina lake ni nene na fupi, limejikita topeni, na majani yote huchomoza hapo kwa pamoja. Jani changa hutoka likiwa limejikunja, lina wekundu wa kahawia, kisha hujikunjua polepole mpaka likawa gumu, lenye kung'aa na kijani kilichokoza. Majani ya zamani hukauka na kuning'inia pembeni, na chini yake kaa hupata kivuli maji yakipwa.

Sasa geuza jani lililokomaa utazame upande wa chini. Vijani vya karibu na shina vitakuwa kijani kitupu. Vya juu, jozi chache zilizo jirani na ncha, vimefunikwa na kitu cha rangi ya kutu, laini mkononi, kilichoenea uso mzima bila kuacha nafasi. Wengi wakikiona hudhani jani limeugua au limevamiwa na wadudu. Sivyo. Hivyo ni vifuko vya spora, maelfu kwa maelfu, vimebanana bega kwa bega. Makangaga mengi hupanga vifuko vyake kwa vidoa au mistari nadhifu; hili limejaza uso wote. Pitisha kidole na vumbi la kahawia litabaki kidoleni. Kangaga halitoi ua wala tunda wala mbegu. Vumbi hilo ndilo uzao wake.

Je, wajua vumbi hilo hurushwa na mtambo? Kila kifuko cha spora cha makangaga ya kundi hili kina mshipi wa seli zilizojipanga mgongoni, kwa kawaida zipatazo 12 au 13, zenye kuta nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Jua likiwaka, maji yaliyomo ndani ya seli hizo hupungua, zile kuta nyembamba huvutwa ndani, na mshipi mzima hujipinda kwenda nyuma huku ukipasua kifuko. Spora zimekaa tayari. Maji yakizidi kuvutwa, hufika mahali yanakatika ghafla na mapovu hutokea ndani ya seli. Mshipi unaachiwa na kurudi mbele kwa nguvu. Utafiti ulioongozwa na Xavier Noblin wa Ufaransa, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2012, ulipima mrusho huo kwenye kangaga la aina nyingine lenye mtambo kama huo: spora huondoka kwa kasi ya kama mita 10 kwa sekunde. Kinachostaajabisha zaidi ni breki. Mtambo wowote wa kurusha uliotengenezwa na binadamu huhitaji kizuizi cha kuusimamisha mkono wake, la sivyo kilichomo hakiruki, kinabanwa tu chini. Mshipi wa kangaga hauna kizuizi. Hufyatuka kwa haraka isiyoonekana kwa jicho, kisha katikati ya safari hupunguza mwendo wenyewe, kwa sababu maji yanayopenya kuta za seli zake huuchelewesha. Spora zinaendelea mbele, upepo unazipokea.

Na upepo huzifikisha mbali. Ndiyo sababu kangaga hili hili liko Rufiji, liko Bangladesh, liko Brazil.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua makangaga yanazaanaje. Waliona mmea usio na ua wala mbegu ukiongezeka kila mwaka, wakahitimisha kwamba mbegu zipo ila hazionekani, na kwamba anayezipata naye hatoonekana. Imani hiyo ilienea kiasi kwamba Shakespeare aliigusia katika tamthilia yake ya Henry IV. Jibu lilianza kupatikana Jamaica, ambako daktari wa upasuaji aitwaye John Lindsay alinyunyizia vumbi la makangaga kwenye udongo uliolowa, akangoja, akaona vimea vidogo vya kijani vikiota. Habari zake zilichapishwa London mwaka 1794. Lakini hata Lindsay hakujua alichokuwa anakitazama. Mwaka 1848 ndipo Leszczyc-Sumiński, mtaalamu wa Kipoland, alipoeleza tendo la kuzaana lenyewe, na likaonekana mahali ambapo hakuna aliyelitarajia.

Spora ya kangaga haioti kuwa kangaga. Hapa ndipo penye uhondo wa mmea huu, na napenda tukae kidogo.

Spora ikidondoka mahali penye unyevu huota kimea kingine kabisa: kipande cha kijani, chembamba, mara nyingi chenye umbo la moyo, kipana kwa milimita chache tu. Hakina mizizi ya kweli, hakina mishipa ya kupitishia maji, hakina shina. Wataalamu hukiita gametofiti. Kinajitegemea, kinajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na mtu asiyejua atakipita akidhani ni ukungu wa kijani wa kwenye tope. Upande wa chini wa kimea hicho ndiko zilikojificha sehemu za uzazi: mahali pa mbegu za kiume na mahali pa mayai. Mbegu za kiume zina mikia na zinaogelea. Hazibebwi na nyuki wala upepo. Zinahitaji utando wa maji juu ya udongo, hata mwembamba namna gani, zipite mpaka kwenye yai. Zikifika, yai linarutubishwa, na kutoka hapo ndipo linachomoza kangaga tunalolijua, lile la majani marefu. Kile kimea cha mwanzo hunyauka kikaisha. Kwa hiyo kila kangaga kubwa unaloliona mikokoni lilitanguliwa na mzazi mdogo kuliko ukucha wa kidole kidogo.

Mwendo wa mbegu inayoogelea una maana kubwa sana ukiwa unaishi mwambao. Maji yanayolifikia kangaga hili yana chumvi, na chumvi hukivuta kiumbe kidogo maji yake yote. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba gametofiti za kangaga la mikokoni hustahimili chumvi kiasi, lakini hustawi chumvi ikiwa ndogo, na chumvi ikizidi hudumaa. Mmea mkubwa una ujasiri zaidi: mizizi yake huzuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie, na seli zake hujaza viambata vya sukari ili maji yasitoroke. Mzazi yule mdogo hana kinga hizo. Anahitaji mvua ya masika iliyosafisha uso wa tope, au mto uliofurika, au kilima kidogo ambacho maji ya bamvua hayakifikii mara kwa mara. Katika mikoko ya Singapore na Malaysia, kamba mmoja wa topeni aitwaye Thalassina anomala huchimba na kurundika udongo mpaka unakuwa kichuguu kirefu, na juu ya vichuguu hivyo makangaga haya huota kwa wingi, kwa kuwa mvua huviosha chumvi.

Linganisha na jirani zake. Mkoko wenyewe haupeleki mbegu duniani. Mbegu huota ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka, ikaning'inia, na ikidondoka inakuwa mche uliokwisha kukua, tayari kushika mizizi. Mchu nao huitoa chumvi kupitia majani. Asubuhi kavu unaweza kuona punje nyeupe juu ya jani na kuzionja. Miti hiyo imejipanga kwa ajili ya bahari tangu mimba hadi uzee. Kangaga limejipanga nusu tu. Lina mwili wa mikokoni na utoto wa kijitoni, na nadhani hiyo ndiyo sifa inayolifanya listahili kutazamwa kuliko linavyotazamwa sasa.

Je, wajua ndugu zake wa karibu wako wapi? Ukifuata ukoo wake, jamaa wa karibu zaidi wa kangaga hili ni vikangaga laini vya jenasi ya Ceratopteris, vinavyoota kwenye madimbwi, mitaro na mashamba ya mpunga ya nchi za joto, Afrika ikiwemo. Mmoja wao, Ceratopteris richardii, hukua haraka kiasi kwamba amekuwa mmea wa maabara. Kwake wanasayansi wamechunguza jambo la ajabu: gametofiti inayoota mapema huwa na sehemu za kike na za kiume pia, kisha hutoa kemikali kwenye unyevu unaoizunguka. Spora zinazochelewa, zikiipata kemikali hiyo, huota zikiwa za kiume tu. Jinsia haikuandikwa ndani ya spora. Inaamuliwa na aliyetangulia kufika. Spora za mmea huu zimefika hata anga za juu: zilisafirishwa kwenye chombo cha Marekani katika safari ya STS-93, Julai 1999, ili kuchunguza jinsi seli moja inavyojua upande upi ni chini pale uzito unapopotea.

Jambo jingine la kukaa nalo ni umri. Mabaki ya mawe ya jenasi ya kangaga la mikokoni yamepatikana India kwenye tabaka za mwisho wa zama za dinosaria. Yamepatikana pia kusini mwa Uingereza. Mamilioni ya miaka iliyopita, wakati dunia ilikuwa na joto kuliko sasa, pwani ya Uingereza ilikuwa na vinamasi vya nchi za joto, na makangaga ya jenasi hii yaliota huko.

Kimondo kilipoipiga dunia pale panapoitwa leo Chicxulub, Mexico, miaka milioni 66 iliyopita, misitu mingi iliteketea. Wachunguzi wa udongo wa kale, kuanzia New Mexico mpaka New Zealand, wamekuta kitu kimoja juu kidogo ya tabaka la janga hilo: chavua ya miti ya maua inapungua ghafla na spora za makangaga zinajaa. Vumbi lile lile lisilohitaji nyuki wala ndege wa kulibeba ndilo lililoikuta nchi tupu likaivika kijani kwanza.

Na kivulini makangaga yanaona vizuri kwa kitu cha kuazima. Mengi ya makangaga ya leo yana jeni iitwayo neokromu, inayowezesha mmea kutambua mwanga hafifu wa chini ya miti. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba jeni hiyo haikuzaliwa ndani ya ukoo wa makangaga. Iliingia kutoka kwa honwoti, vimea vidogo vinavyotambaa kwenye udongo mbichi, yapata miaka milioni 179 iliyopita.

Turudi pwani. Delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ndiyo yenye eneo kubwa la mikoko lililoungana kuliko lote Afrika Mashariki, hekta zipatazo 53,000. Mto humwaga maji baridi mengi kiasi kwamba msitu hubadilika kadiri unavyoondoka baharini. Mbele kuna mililana na mikoko inayooshwa kila siku. Nyuma, kwenye maji yaliyopungua chumvi, kuna misikundazi yenye mizizi mipana iliyosimama kama mbao. Chini ya misikundazi ndiko kangaga linakoishi kwa adabu, moja hapa, mawili kule, kwa sababu kivuli kinalibana.

Likipata jua, adabu huisha. Sehemu za delta, hasa upande wa kaskazini ambako maji baridi ya mto hupita kwa wingi, wakulima wamekuwa wakifyeka mikoko na kupanda mpunga. Shamba hutoa mavuno kwa miaka kadhaa, kisha magugu na kaa huzidi, na mkulima husogea mbele kufyeka pengine. Shamba lililoachwa halirudi kuwa msitu upesi. Kangaga huingia pamoja na mtambaazi Derris trifoliata, majani yake hufunga eneo lote, na mche wa mkoko unaoletwa na maji haupati mwanga wala mahali pa kuchoma mizizi. Profesa Adelaida Semesi, Mtanzania aliyeitumikia mikoko na aliyeongoza utayarishaji wa mpango wa kuisimamia mikoko ya Tanzania Bara mwaka 1991, alikuwa miongoni mwa walioonya kuhusu ufyekaji huo.

Tatizo hili si letu peke yetu. Msitu wa Matang, jimboni Perak nchini Malaysia, umekuwa ukivunwa na kupandwa upya kwa utaratibu tangu mwaka 1902, na huko nako makangaga ya jenasi hii huota kwenye maeneo yaliyovunwa, ikabidi yaondolewe kabla ya miche kupandwa. Maafisa misitu huliita gugu. Naelewa kwa nini, lakini sikubaliani na jina hilo. Kangaga halijawahi kuuangusha mkoko hata mmoja. Linafika baada ya panga, hukuta tope limeachwa wazi, na linalishika lisichukuliwe na maji. Anayetaka mikoko irudi atalazimika kulipunguza, ni kweli, ila kosa liandikwe kwa aliyelifungulia jua.

Kwingine watu wana uhusiano wa namna nyingine nalo. Asia ya Kusini-Mashariki, machipukizi yake machanga yaliyojikunja huchumwa na kupikwa kama mboga. Kwenye msitu wa Sundarbans, unaogawanywa na Bangladesh na India, hufahamika kama kangaga la simbamarara, kwa kuwa vichaka vyake vimo katika makazi ya wanyama hao, na mvuvi au mrina asali anayekaribia hupiga hatua kwa tahadhari. Florida, upande wa pili wa dunia, limeadimika kiasi kwamba serikali ya jimbo imeliweka kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini, ingawa kwa dunia nzima halijafikia hatari hiyo.

Kuna kazi moja ambayo kangaga hili lingeweza kutufanyia, na sisi wa pwani tungefaa kuianza. Mwaka 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji juu ya Mto Rufiji. Wakati wowote mto unapobadilishiwa mwendo, swali la watu wa delta ni lile lile: maji baridi yatafika wapi, na chumvi itapanda mpaka wapi? Vipimo vya chumvi hujibu kwa siku ile vilipochukuliwa. Makangaga hujibu kwa miaka. Ila usitazame yaliyokomaa, kwa maana mmea mkubwa unaweza kuvumilia chumvi muda mrefu baada ya mambo kubadilika. Tafuta machanga. Mahali penye makangaga makubwa yaliyozungukwa na madogo, maji baridi bado yanafika kwa kiasi cha kulea gametofiti. Mahali penye wazee watupu, pamepungua kitu, na inafaa mtu aende kupima.

Je, wajua unaweza kuyaona maisha yale ya kwanza nyumbani kwako? Chukua kipande cha jani la kangaga lolote lenye vifuko vya kahawia vilivyokomaa, ukilaze juu ya karatasi nyeupe, upande wa vifuko chini, ukiache usiku kucha mahali pasipo upepo. Asubuhi karatasi itakuwa na vumbi. Mwagia maji ya moto udongo laini kwenye bakuli linalopitisha mwanga, uache upoe, nyunyizia vumbi kidogo sana juu yake, funika, kisha weka karibu na dirisha lakini si kwenye jua kali. Baada ya wiki kadhaa uso wa udongo utaanza kuwa wa kijani, na kwa kioo cha kukuzia utaviona vimoyo vyenyewe. Hapo vinyunyizie maji mara kwa mara ili mbegu za kiume zipate pa kuogelea. Tumia maji ya mvua. Ya kisima cha pwani huwa na chumvi, na vimoyo havitaipenda. Jani la kwanza litakalochomoza litakuwa dogo, la kipande kimoja, lisilofanana hata kidogo na lile ulilolaza kwenye karatasi.